Mgeni Akizidisha Siku, Anwani Yake Ijulikane

Jambo la mgeni kuandikisha mahali anapolala, hasa anapoomba kuongezewa siku za matembezi katika nchi isiyo yake, laonekana kuwa jambo dogo la karani na muhuri wake. Wengi hulidharau. Mtalii huliona kuwa ni usumbufu. Mwenyeji wake huliona kuwa ni dalili ya kutoaminiwa. Na baadhi ya watumishi huliona kuwa ni nafasi ya kujipatia chochote. Sisi twaona kwamba wote watatu wamekosea. Anwani ya mgeni ni jambo la Taifa, nalo lawahusu wananchi wa Nakwa, katika Mji wa Babati, sawasawa na linavyowahusu maofisa walioko kwenye kiwanja cha ndege.

Twaitaja Nakwa kwa makusudi. Watu wengi, wasikiapo habari za watalii na pasi, hufikiri Dar es Salaam, Arusha au Unguja. Lakini Babati haiko pembeni mwa nchi, wala haijapata kuwa pembeni. Tangu zamani ilikuwa njia ya wasafiri. Barabara kuu ambayo wakoloni waliiota kutoka Cape hadi Cairo ilipita hapa, na mwandishi wa Kimarekani, Ernest Hemingway, aliyekuja kuwinda Tanganyika mwaka 1933 na 1934, alipita Babati na kuitaja katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1935. Mwaka 2002, Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Mkoa wa Arusha, Babati ikawa makao makuu yake. Mwaka 2018 barabara ya lami ya kilometa 251 kutoka Dodoma ilifunguliwa rasmi, na hivyo njia za Arusha, Singida na Dodoma zikakutana mahali pamoja kwa lami.

Matokeo yake ni dhahiri. Mgeni aliyekuja kuitazama Hifadhi ya Tarangire, iliyoanzishwa mwaka 1970, au Hifadhi ya Ziwa Manyara, iliyoanzishwa mwaka 1960, hufika Babati. Mwingine huja kuwaona viboko wa Ziwa Babati. Mwingine yuko njiani kwenda kuupanda Mlima Hanang, wenye urefu wa mita 3,420. Kwa miaka mingi pia wanafunzi kutoka Sweden wamefika wilayani Babati kujifunza habari za ardhi, misitu na kilimo. Nchi nzima ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 1.8 mwaka 2023, na zaidi ya milioni 2.1 mwaka 2024. Hapana budi kwamba katika umati huo wamo wanaopendezwa na nchi, wakatamani kukaa zaidi ya siku walizozikusudia, nao wakaiacha hoteli na kwenda kupanga chumba au kukaribishwa nyumbani kwa mwananchi.

Hapo ndipo penye shida tunayotaka kuizungumza leo.

Mgeni anapoomba ruhusa ya kuingia nchini huulizwa atakaa wapi. Yeye hutaja jina la hoteli ya usiku wa kwanza, kwa kuwa ndiyo pekee anayoijua. Baada ya wiki moja hoteli hiyo haimjui tena. Tuchukue mfano wa kijana aliyeingia nchini kwa miezi miwili, akatembea hifadhini, akafahamiana na familia ya Nakwa, akakaribishwa huko. Siku zake zikikaribia kwisha naye akataka nyingine, sheria yamtaka aende kwenye Ofisi ya Uhamiaji kabla ya muda wake kupita, na si baada yake. Kama hakwenda, amekuwa mkosaji, hata kama hajaiba wala hajamtukana mtu. Na kama alikwenda akaongezewa siku, lakini karatasi zikabaki na jina la hoteli ya Arusha wakati yeye analala Nakwa, basi Serikali inayo karatasi tu. Mtu mwenyewe haijui aliko.

Kuna watakaouliza, kwani kuna hasara gani? Twajibu kwamba hasara ni nyingi, na ya kwanza humpata mgeni mwenyewe. Mgeni akiugua ghafla usiku, ubalozi wake utamtafuta wapi? Akipotea mlimani, nani atasema aliondoka nyumba ipi na saa ngapi? Wananchi wa Manyara hawahitaji kufundishwa jambo hili. Tarehe 3 Desemba mwaka 2023 maporomoko ya tope na mawe yaliteremka kutoka Mlima Hanang, yakaufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Katika msiba wa namna ile, swali la kwanza la waokoaji ni moja tu: katika nyumba hii walilala watu wangapi, na ni akina nani? Swali hilo haliulizi kama mtu ni mwenyeji au mgeni. Tope halichagui pasi.

Hasara ya pili humpata mwenyeji. Sheria ya Uhamiaji namba 7 ya mwaka 1995, iliyorekebishwa baadaye, yakataza kumficha au kumsaidia mtu anayekaa nchini kinyume cha sheria. Mama aliyempa mgeni chumba kwa moyo mweupe, bila kujua kwamba siku za mgeni zimekwisha, aweza kujikuta akieleza mambo asiyoyafahamu mbele ya ofisa. Karimu wa jana huwa mtuhumiwa wa leo. Kama jina la mgeni na tarehe ya mwisho wa pasi yake vingeandikwa mapema katika ofisi ya mtaa, mwenyeji angekuwa na ushahidi kwamba hakuficha kitu.

Hasara ya tatu ni ya Taifa zima. Wapo wanaoingia kwa jina la matembezi, kumbe wamekuja kufanya kazi au biashara. Ruhusa ya matembezi si ruhusa ya kazi, hata ile isiyo na mshahara. Anayetaka kujitolea shuleni, au kufanya utafiti, anacho kibali chake cha ukaazi, ambacho ni cha daraja la C. Na mtafiti lazima pia apate idhini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mtalii anayezidisha siku na kuhamahama bila anwani ndiye awezaye kuichukua nafasi ya kijana wetu katika kuongoza watalii au katika duka, na mtu wa kumwuliza asionekane.

Hata hivyo, hatuwezi kulizungumza jambo la kuandikisha watu katika bara letu bila kukumbuka tulikotoka. Katika Afrika, daftari halikuanza kama chombo cha kumlinda mtu. Lilianza kama mnyororo. Nchini Kenya serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaandikisha Waafrika mwaka 1915, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaanza kuitekeleza. Kila mwanamume wa Kiafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alilazimishwa kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake, nacho kilitiwa katika kikopo cha bati na kuvaliwa shingoni. Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande hicho, na alipokamatwa mwezi wa Machi mwaka 1922, watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi.

Hapa kwetu Tanganyika, mwaka 1944, ilitungwa sheria ya kuwaondoa mijini Waafrika walioitwa wasiotakiwa. Mwananchi alikuwa mgeni katika mji wa nchi yake. Mzungu aliyefika juzi kwa meli alikuwa mwenyeji. Na huko Afrika Kusini, tarehe 21 Machi mwaka 1960, watu 69 waliuawa Sharpeville walipokuwa wakipinga sheria za pasi. Hata baada ya uhuru nchi yetu ilipata kuonja uchungu wa karatasi zilizotumiwa bila busara. Katika msako wa Nguvu Kazi wa mwaka 1983, uliokusudiwa kuwaondoa wavivu mijini, walikamatwa pia watu wenye shughuli zao halali, kwa kuwa tu hawakuwa na karatasi ya kuonyesha mkononi.

Kwa nini twayakumbusha haya? Ni kwa sababu mwananchi anayelitazama daftari kwa jicho la mashaka hana ujinga, anayo kumbukumbu. Haifai kumkemea. Yafaa kumwonyesha tofauti. Kipande cha mkoloni kilimbana mzalendo ili auze nguvu zake kwa bei ya chini. Hakikumpa haki hata moja. Anwani tunayoitaka sisi ni ile inayomfunga mgeni na mwenyeji na Serikali kwa haki na wajibu: mgeni aseme aliko, na Serikali impe ulinzi; mwenyeji atoe taarifa, na Serikali imwondolee lawama. Daftari lisilotoa haki yoyote kwa anayeandikwa limebaki kuwa kipande, hata likiwekwa katika kompyuta.

Tena tusidhani kwamba jambo hili lawahusu watu wanaokuja kwetu tu. Watanzania nao husafiri. Wako wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou kununua bidhaa. Wako wagonjwa wanaokwenda India kutibiwa. Wako wazazi wanaokwenda Ulaya kuwatazama watoto wao na wajukuu. Wote hao huwa wageni, na wengi hulazimika kuongeza siku kwa sababu mzigo haujakamilika, au daktari hajaridhika, au mjukuu amezaliwa kabla ya wakati. Basi ni wajibu wetu kuwaeleza sheria za huko.

China, ambayo ni rafiki yetu wa miaka mingi, inayo sheria ya kuingia na kutoka iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai mwaka 2013. Sheria hiyo yasema kwamba mgeni akilala hotelini, hoteli ndiyo inayopeleka habari zake polisi. Lakini akilala katika nyumba ya rafiki au chumba cha kupanga, yeye mwenyewe au mwenye nyumba hana budi kuandikisha katika kituo cha polisi cha mahali hapo katika muda wa saa 24. Asiyefanya hivyo huonywa, na aweza kutozwa faini isiyozidi yuan 2,000. Anayetaka kuongezewa siku hupaswa kupeleka ombi lake siku 7 kabla ya muda wake kwisha, na jumla ya siku zinazoongezwa haiwezi kuzidi siku alizopewa kwanza. Karatasi ya polisi inayothibitisha mahali anapolala ni miongoni mwa zile atakazotakiwa kuonyesha. Akikosa kuondoka kwa wakati, na kosa likawa zito, faini ni yuan 500 kwa kila siku, hadi kufikia yuan 10,000, au kuwekwa ndani kwa siku 5 hadi 15. Mfanyabiashara mdogo aliyekopa mtaji wake aweza kuupoteza wote kwa kutokwenda kituoni siku ya kwanza.

India nayo, kwa sheria mpya iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka 2025, yamtaka mwenye hoteli au nyumba inayopokea mgeni wa kigeni atoe habari zake kwa wakuu wa uandikishaji, na hospitali zinazowatibu na kuwalaza wageni zimepewa wajibu wa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo mgonjwa wetu anayeambiwa na daktari abaki miezi mingine asifikiri kwamba cheti cha daktari chatosha peke yake. Aulize mapema: je, nyumba niliyopanga karibu na hospitali imetoa habari zangu? Kama haikutoa, ombi lake la kuongeza siku laweza kukwama, naye hana nguvu za kuzunguka ofisini.

Katika Ujerumani, kila anayehamia katika makazi hupaswa kujiandikisha katika muda wa wiki mbili. Lakini mgeni wa matembezi mwenye makazi yake nchi nyingine amesamehewa sharti hilo kwa miezi mitatu ya kwanza. Na kwa nchi za Ulaya zilizoungana chini ya mkataba wa Schengen, ruhusa ya matembezi ni siku 90 katika kila siku 180, wala haiongezwi kwa sababu tu mtu amependezwa na mji. Sharti kuwe na sababu nzito, kama vile ugonjwa au msiba uliomzuia kusafiri.

Twaona basi kwamba kila nchi inayojiheshimu huuliza mgeni analala wapi. Mtalii wa Ulaya anayeshangaa kuulizwa jambo hilo Babati na akumbuke kwamba kwao Mtanzania huulizwa jambo hilo hilo, tena kabla hajapanda ndege. Kuuliza anwani si ushamba, wala si uadui. Ni ada ya mataifa huru.

Lakini mambo ya nje yatufunza pia hatari yake. Mwezi wa Aprili mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Waafrika wengi waishio Guangzhou walitolewa katika nyumba na hoteli walizokuwa wamelipia, na wengine wakalazimishwa kukaa karantini, hata wale ambao hawakuwa wamesafiri wala kuugua. Mabalozi wa Afrika mjini Beijing waliandika barua kulalamikia jambo hilo, na wakuu wa China wakaahidi kulirekebisha. Watu waliokuwa na anwani zilizoandikwa kwa halali walitolewa pamoja na wasiokuwa nazo. Funzo ni hili: daftari lazaa haki pale tu ambapo anayelishika anaheshimu sheria kwa watu wote. Akiongozwa na hofu au chuki, daftari huwa orodha ya watu wa kuandamwa.

Basi tukitaka Watanzania waheshimiwe Guangzhou na New Delhi, tuanze na namna tunavyowatendea wageni hapa. Tena tusiangalie wageni weupe peke yao. Mrundi, Mkenya au Mganda anayefika Babati kumtazama ndugu yake au kununua mbaazi ni mgeni pia. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyotiwa sahihi mwaka 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai mwaka 2010, yampa raia wa nchi mwanachama haki ya kupewa, bila malipo, pasi ya matembezi isiyozidi miezi sita. Ni aibu mtalii kutoka mbali akinywa chai na ofisa huku Mwafrika mwenzetu mwenye pasi halali akisukumwa kama mwizi. Kipimo kiwe kimoja: pasi ni halali au si halali; anwani imeandikwa au haikuandikwa.

Yapo mambo ambayo sisi twaona yafaa kufanywa, na hayahitaji fedha nyingi, kwa kuwa msingi umekwisha kuwekwa. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua operesheni ya anwani za makazi nchi nzima, na barabara zikapewa majina, nyumba zikapewa namba, na kila kata ikawa na postikodi ya tarakimu tano. Mwaka huo huo, mwezi wa Agosti, ilifanyika Sensa ya Watu na Makazi, ambayo ilihesabu watu 61,741,120, na iliwahesabu wote waliolala nchini usiku ule, wakiwamo wageni na wasafiri. Ikiwa kwa usiku mmoja tuliweza kumjua kila aliyelala, haiwezekani tushindwe kumjua mgeni anayelala Nakwa kwa wiki sita.

Kwanza, mgeni anapokwenda Uhamiaji kuomba siku zaidi, asipokelewe na anwani ya hoteli aliyokwisha kuihama. Aandike namba ya nyumba, jina la barabara, mtaa na postikodi ya mahali anapolala sasa, na jina la mwenyeji wake. Namba zilizopakwa milangoni zisiwe mapambo.

Pili, mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji awe na daftari safi la wakazi na wageni, na mgeni apewe karatasi ya kuthibitisha kwamba ameandikwa. Karatasi hiyo itolewe siku ile ile. Kusiwe na "njoo kesho". Mtu aliyekuja kwa hiari yake kutii sheria akizungushwa siku tatu, siku ya nne hatarudi, na wengine watajifunza kwake.

Tatu, rushwa ipigwe vita hapa kama inavyopigwa penginepo. Malipo yoyote ya Serikali yana namba yake ya malipo na stakabadhi yake. Mtumishi anayemwambia mgeni kwamba mambo yaweza kumalizwa "kirafiki" hamsaidii mgeni; anauza mlango wa Taifa. Na mgeni anayetoa fedha hizo asijione mjanja, maana amenunua karatasi isiyo na nguvu.

Nne, tuyaangalie upya mambo tunayoyauliza. Katika nyumba nyingi za kulala wageni nchini, daftari bado lina nafasi ya kuandika kabila. Kabila la mtu lasaidia nini katika kumtafuta akiugua? Taifa lililojengwa juu ya msingi wa kufuta ukabila halina haja ya kumwuliza msafiri kabila lake kabla ya kumpa ufunguo. Yaulizwe jina, namba ya kitambulisho au pasi, mahali anapotoka, na mtu wa kupashwa habari. Hayo yatosha. Na daftari lenyewe lisiachwe wazi mezani hata kila apitaye akasoma nani amelala na nani.

Tano, na hili twawaambia wanachama wenzetu bila kuficha: balozi wa nyumba kumi ajue mipaka yake. Mashina ya nyumba kumi yaliundwa na TANU katika miaka ya mwanzo ya uhuru, na kwa muda mrefu balozi alikuwa jicho la Chama na la Serikali pamoja. Alimjua kila aliyezaliwa, aliyekufa na aliyefika. Kazi hiyo iliisaidia nchi sana. Lakini tangu mwaka 1992, nchi ilipoingia katika mfumo wa vyama vingi, balozi ni kiongozi wa Chama, si mtumishi wa dola. Hana mamlaka ya kudai pasi ya mgeni, wala kuishika, wala kumtoza kitu. Anao wajibu wa jirani mwema: kumkumbusha mwenyeji ampeleke mgeni wake ofisi ya mtaa, na kuonyesha njia. Balozi anayejifanya ofisa wa Uhamiaji hakijengei Chama heshima, anakipunguzia.

Kwa wafanyakazi tunalo neno pia. Mhudumu wa nyumba ya wageni, dereva wa basi, kijana wa bodaboda, mwongoza watalii na karani wa mtaa ndio wanaokutana na mgeni kabla ya ofisa yeyote. Mwongoza watalii anayemwuliza mteja wake kwa adabu, "Siku zako zinakwisha lini?" amemwokoa na faini. Mhudumu anayeandika jina sawasawa, herufi kwa herufi kama lilivyo katika pasi, amefanya kazi ya usalama wa nchi. Lakini asitokee mfanyakazi akafikiri kwamba kujua siri ya mgeni ni silaha ya kumtisha. Kazi ya kulinda nchi na kazi ya kumtisha mtu ni kazi mbili mbalimbali.

Wako watakaosema kwamba masharti haya yatawakimbiza watalii, na kwamba nchi inayotafuta fedha za kigeni haina budi kulegeza. Hatukubaliani nao. Kinachomkimbiza mtalii si sharti, bali ni sharti lisiloeleweka. Mgeni akiambiwa waziwazi mlangoni kwamba ukihama hoteli uandikishe hapa, na ukitaka siku zaidi uende pale kabla ya tarehe fulani, atafanya hivyo na kuendelea na safari yake. Lakini akiachwa bila kuambiwa, kisha akakamatwa njiani kwa kosa asilolijua, atarudi kwao na habari mbaya, nasi tutakuwa tumepoteza wengi kwa ajili ya mmoja. Kwa hiyo maelezo hayo yabandikwe hotelini, stendi ya mabasi na ofisi za mitaa, kwa Kiswahili na kwa lugha za wageni.

Wazee wetu waliyajua haya kabla ya pasi kubuniwa. Walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na Mwalimu Nyerere aliikumbusha methali hiyo mwaka 1962 alipoeleza msingi wa Ujamaa. Watu wengi huitumia kumchokoza mvivu. Lakini ndani yake mna sheria kamili. Siku mbili za kwanza mgeni ni mgeni: alishwe, alazwe, asisumbuliwe kwa maswali. Siku ya tatu hali yake imebadilika; sasa ameingia katika mahesabu ya nyumba, anao wajibu na anayo sehemu. Aliyepewa jembe hakufukuzwa. Amehesabiwa kuwa mmoja wa watu wa hapo. Mgeni anayezidisha siku zake Nakwa naye asifukuzwe, wala asiachwe apotee kama kivuli. Aandikwe, apewe karatasi yake, na jirani wamjue kwa jina.

Twawataka viongozi wa mitaa ya Babati na wa nchi nzima walitazame jambo hili mapema, wala wasingojee msiba au msako ndipo watafute madaftari. Na kila mwananchi mwenye mgeni nyumbani leo amwulize swali moja tu: pasi yako inakwisha tarehe gani? Kisha aongozane naye hadi ofisini.